Je, Kamera ya Joto Inaweza Kugundua Saratani ya Matiti?

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tunazungumzia kipimo kinachoitwa thamografia, yaani kupiga picha ya joto la mwili. Huenda wengi wenu hamjawahi kulisikia jina hilo. Lakini sifa zake zinasafiri haraka, hasa kwa njia ya simu na kwa ndugu walioko ng'ambo. Mama anaambiwa kwamba kuna kipimo cha matiti kisichouma, kisichotumia mionzi ya eksirei, kisichokandamiza titi, na kinachoona saratani miaka mingi kabla ya vipimo vya hospitali. Mama aliyekwisha kugusa uvimbe na akaogopa kumwambia mtu, anaposikia maneno hayo, atasema moyoni: "Hiki ndicho kipimo changu."

Tutoe jibu mapema, ili hata asiyepata nafasi ya kusoma ukurasa wote aondoke nalo. Thamografia si kipimo cha kutegemewa katika kuchunguza saratani ya matiti. Haiwezi kuchukua nafasi ya mamografia, ambayo ni picha ya eksirei ya titi. Tena, kama tutakavyoona, haiwezi hata kuchukua nafasi ya mikono ya muuguzi aliyefundishwa vizuri. Sasa tueleze sababu.

THAMOGRAFIA NI NINI?

Kila kitu chenye joto hutoa mionzi ambayo macho yetu hayaioni. Mionzi hiyo iligunduliwa na William Herschel huko Uingereza mwaka 1800. Kamera ya thamografia huipokea mionzi hiyo kutoka kwenye ngozi na kuigeuza kuwa picha ya rangi. Mahali penye joto zaidi huonekana kwa rangi moja, na mahali penye ubaridi kwa rangi nyingine.

Mama anayepimwa huvua nguo za juu, hukaa kwa muda katika chumba chenye ubaridi kiasi ili ngozi yake itulie, kisha hupigwa picha. Hakuna kinachoingia mwilini na hakuna kinachomgusa. Hadi hapo matangazo yanasema kweli: kipimo chenyewe hakiumi.

Wazo lililozaa kipimo hiki ni hili. Saratani, au kansa kama wengine wanavyoiita, ni chembe hai za mwili zinazoongezeka bila mpango. Chembe hizo zinahitaji chakula kingi, kwa hiyo huvuta mishipa mipya ya damu. Damu inapokuwa nyingi mahali pamoja, joto nalo huongezeka. Mwaka 1956 daktari wa upasuaji wa mji wa Montreal, Kanada, aitwaye Ray Lawson, alitangaza kwamba ngozi iliyo juu ya saratani ya titi mara nyingi ina joto kuliko sehemu kama hiyo ya titi la pili.

Wazo hilo halikuwa la kipuuzi, na madaktari hawakulidharau. Walilichukua wakalijaribu kwa maelfu ya akina mama. Hapo ndipo ukweli ulipojitokeza.

MAJARIBIO YALIONYESHA NINI?

Mwaka 1973 Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani na Chama cha Saratani cha nchi hiyo walianzisha mpango mkubwa wa kuchunguza matiti. Akina mama zaidi ya 280,000 walishiriki. Mwanzoni vilitumika vipimo vitatu pamoja: mamografia, kupapaswa kwa mikono na mtaalamu, na thamografia. Baada ya miaka michache tu thamografia iliondolewa katika mpango huo, kwa sababu saratani nyingi zilikuwa zinaipita.

Mwaka 1977 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa akina mama 16,000 huko huko Marekani. Kila mmoja alipimwa kwa njia zote tatu. Tukichukua saratani 100 zilizokuwamo, kila njia ilizinasa hivi:

— Mamografia: 78
— Mikono ya mtaalamu: 55
— Thamografia: 39

Hebu tuzitazame hesabu hizo kwa makini. Mamografia nayo haikukamata zote, wala hakuna kipimo cha binadamu kinachokamata zote. Lakini kamera ya joto iliacha saratani 61 kati ya 100. Tena ilishindwa na mikono mitupu! Mtaalamu aliyepapasa matiti kwa vidole vyake aliona zaidi ya mashine.

KWA NINI JOTO LINADANGANYA?

Zipo sababu kadhaa, nazo ni rahisi kuzielewa.

1. Kamera huona ngozi tu. Saratani changa iliyo ndani ya titi, mbali na ngozi, joto lake hupotea katika nyama na mafuta kabla halijafika juu. Na hiyo saratani changa ndiyo tunayoitafuta, kwa sababu ndiyo inayotibika vizuri zaidi.

2. Si kila saratani ina joto. Nyingine hukua polepole na hazivuti damu nyingi. Picha ya mama mwenye saratani ya namna hiyo huweza kutoka safi kabisa.

3. Si kila joto ni saratani. Titi la mama anayenyonyesha lina joto. Jipu la titi lina joto. Ujauzito hubadili joto la matiti, na hata siku za mwezi hulibadili. Kamera haina uwezo wa kusema joto hili limetoka wapi.

4. Picha ya joto haionyeshi mahali pa kuchukua kipimo. Mamografia au ultrasaundi ikionyesha uvimbe, daktari anajua sindano aielekeze wapi. Doa la rangi kwenye picha ya joto halimwambii kitu hicho. Mama ataambiwa tu kwamba kuna jambo, halafu atalazimika kwenda kupimwa kwa mamografia au ultrasaundi, yaani vipimo vile vile alivyokuwa anavikwepa.

LAKINI KAMERA ZA SIKU HIZI SI BORA ZAIDI?

Ni kweli kwamba kamera za leo zinaona tofauti ndogo sana za joto, na zinasaidiwa na kompyuta. Wauzaji husema majaribio ya miaka ya 1970 yamepitwa na wakati. Basi tutazame majaribio ya karibuni.

Mwaka 2008 madaktari wa New York walitoa matokeo ya kamera ya kisasa kwa akina mama 92. Kamera ilizitambua saratani 58 kati ya 60. Hesabu hiyo hupenda kutajwa katika matangazo. Lakini yako mambo mawili yasiyotajwa. Kwanza, akina mama wote hao walikuwa wamekwisha kuonekana na tatizo kwa vipimo vingine na walikuwa wanasubiri kukatwa kinyama. Hawakuwa watu wazima wa afya waliokuja kuchunguzwa tu. Pili, kamera ilipopangwa ili ikamate saratani nyingi namna hiyo, iliona hatari pia katika zaidi ya nusu ya uvimbe usiokuwa saratani. Mlinzi anayepiga kelele kila mtu anapopita hawezi kusifiwa kwamba amemwona mwizi.

Mwaka 2011 madaktari wa London nao walitoa matokeo yao. Kamera yao ilikamata robo tu ya saratani, yaani 25 katika kila 100. Kwa hiyo tatizo si umri wa kamera. Joto la ngozi lenyewe ndilo shahidi asiyetegemewa.

MBONA WANASEMA KIMEIDHINISHWA NA SERIKALI YA MAREKANI?

Hapa ndugu msomaji ni lazima kuwa mwangalifu na maneno. Mwaka 1982 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliruhusu vifaa vya thamografia vitumike kama nyongeza tu, pamoja na kipimo kingine kama mamografia. Haikuwahi kuviruhusu vitumike peke yake kuchunguza au kuthibitisha saratani ya matiti. Tangazo linalosema "kimeidhinishwa" bila kueleza kimeidhinishwa kwa kazi gani limesema nusu ya ukweli.

Mamlaka hiyo hiyo ilitoa onyo kwa wananchi mwaka 2011, ikalirudia mwaka 2017 na tena mwaka 2019. Ilieleza kwamba hakuna ushahidi halali wa kisayansi unaoonyesha kwamba thamografia, ikiwa peke yake au pamoja na kipimo kingine, inafaa kwa uchunguzi wa saratani ya matiti. Pia iliziandikia barua za onyo baadhi ya kliniki zilizokuwa zikitoa ahadi za uongo.

HATARI IKO WAPI, IKIWA KIPIMO HAKIUMI?

Hatari iko katika jibu linalotolewa, maana mtu hulifuata jibu hilo katika maisha yake.

Tuchukue mfano wa mama mwenye kivimbe kidogo kisichouma. Anapigwa picha ya joto, anaambiwa titi lake ni salama. Anarudi nyumbani kwa furaha na kuendelea na shughuli zake. Kivimbe kinakua. Kila anapokigusa anajikumbusha kwamba alishapimwa. Baada ya mwaka ngozi imeanza kuvutika na tezi za kwapani zimevimba. Laiti angeambiwa tangu mwanzo, "Hatuna kipimo, nenda hospitali," angekuwa katika hali nzuri zaidi kuliko alivyo baada ya kupewa faraja ya uongo.

Katika Afrika jambo hili lina uzito wa pekee. Watafiti waliwafuatilia akina mama wenye saratani ya titi katika nchi tano, zikiwamo Uganda na Zambia. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba baada ya miaka 3 ni karibu nusu tu waliokuwa hai. Sababu mojawapo kubwa ni kufika hospitali wakati ugonjwa umekwisha kuenea. Kwetu, miezi ni mali. Kipimo chochote kinachompotezea mama miezi kina madhara, hata kama hakimgusi.

BASI TUTUMIE NINI?

Mamografia. Hii ndiyo njia ya uchunguzi yenye ushahidi mkubwa kwamba inapunguza vifo, hasa kwa akina mama wa miaka 50 hadi 69. Uingereza huwaita akina mama kuanzia miaka 50 kila baada ya miaka 3. Nchini Marekani, tangu mwaka 2024, wataalamu wanashauri kuanzia miaka 40 hadi 74, kila baada ya miaka 2. Titi hukandamizwa kwa muda mfupi na wengine huumia kidogo. Mionzi yake ni kidogo: inakaribiana na ile ya asili ambayo mwili hupokea kutoka ardhini na angani kwa muda wa wiki 7 hivi.

Ultrasaundi. Hutumia mawimbi ya sauti, haina mionzi. Inasaidia sana kwa wasichana na akina mama vijana, ambao matiti yao ni mazito na hayaonekani vizuri kwa mamografia. Pia husaidia kujua kama uvimbe ni maji au ni nyama.

Kipimo cha kinyama. Uvimbe unaotiliwa shaka huchukuliwa kipande kidogo kwa sindano na kupelekwa maabara. Hiki ndicho kipimo kinachothibitisha. Picha yoyote, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kusema kwa uhakika, "Hii ni saratani."

Mikono ya mtaalamu. Wengi wetu tunaishi mbali na mashine ya mamografia. Je, tumeachwa bila msaada? La hasha. Huko Mumbai, India, watafiti waliwafuatilia akina mama zaidi ya 151,000 kwa miaka 20. Nusu yao walipapaswa matiti na wahudumu wa afya wa kike waliofundishwa kazi hiyo, kila baada ya miaka 2, mara nne. Nusu nyingine walipewa elimu tu. Matokeo yalitolewa mwaka 2021. Katika kundi lililopapaswa, waliogunduliwa ugonjwa ukiwa umeenea walikuwa 37 katika kila 100, na katika kundi la pili 47. Na kwa akina mama wa miaka 50 na zaidi, vifo vya saratani ya titi vilipungua kwa karibu asilimia 30. Kwa akina mama wa chini ya miaka 50, vifo havikuonekana kupungua.

Tafakarini jambo hilo. Wahudumu hao hawakuwa madaktari bingwa, wala hawakuwa na mashine. Walikuwa na vidole, mafunzo na saa ya kufanya kazi bila haraka. Kamera ya joto, baada ya zaidi ya miaka 60 ya kujaribiwa, haijawahi kuonyesha kwamba imepunguza kifo hata kimoja. Kwa hiyo mama anayekwenda zahanati na kumwomba muuguzi ampapase matiti hajapokea huduma ya kimaskini. Amepokea huduma yenye ushahidi.

DALILI ZISIZOPASWA KUNGOJA

Nenda zahanati au kituo cha afya bila kukawia ukiona mojawapo ya mambo haya:

1. Uvimbe mpya kwenye titi au kwapani, hasa usiouma. Saratani changa kwa kawaida haiumi.
2. Titi moja kubadilika umbo au ukubwa.
3. Ngozi ya titi kubonyea, au kuwa kama ganda la chungwa.
4. Chuchu iliyokuwa nje kuingia ndani.
5. Majimaji au damu kutoka kwenye chuchu bila kunyonyesha.
6. Kidonda au ukurutu kwenye chuchu usiopona.
7. Wekundu na uvimbe wa titi usioisha baada ya dawa za jipu.

Uvimbe mwingi wa matiti si saratani. Lakini anayeweza kujua tofauti ni yule aliyepima, si yule aliyekisia.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA KWA MARA

Je, nijipapase mwenyewe kila mwezi?
Huko Shanghai, China, wafanyakazi wa kike wa viwanda vya nguo wapatao 266,000 walishiriki katika jaribio. Nusu yao walifundishwa kujipapasa kila mwezi. Baada ya miaka kama 10, vifo vyao havikuwa pungufu kuliko vya wenzao. Kwa hiyo usijipapase kwa hofu wala usilifanye kuwa sharti. Lakini yafahamu matiti yako yalivyo, wakati wa kuoga au kuvaa, ili mabadiliko yakitokea uyatambue na uende kupimwa.

Je, ni kweli kwamba kukatwa kinyama husambaza saratani?
Hapana. Wanaoamini hivyo mara nyingi walimwona mgonjwa aliyechelewa, akakatwa kinyama, akafa baadaye. Kilichomuua ni ugonjwa uliokuwa umekwisha kuenea.

Je, wanaume wapate wasiwasi?
Mwanaume naye anaweza kupata saratani ya titi, ingawa ni kama mmoja tu kati ya wagonjwa 100. Baba mwenye uvimbe nyuma ya chuchu asione aibu kwenda kupimwa.

Je, nikishapigwa picha ya joto nifanye nini?
Kama una dalili yoyote kati ya tulizotaja, nenda ukapimwe hata kama picha ilitoka safi. Kama picha ilionyesha hatari, usikate tamaa. Inawezekana kabisa ni joto tu. Nenda ukapapaswe na upigwe mamografia au ultrasaundi.

NENO KWA FAMILIA

Ndugu zangu, ugonjwa huu si wa mama peke yake. Mara nyingi mama hugundua uvimbe akanyamaza, akifikiria nauli, kazi za shamba, watoto watabaki na nani, na mume atasema nini. Akina baba, mama akikueleza jambo hilo, usimwambie angojee mavuno. Tafuteni nauli pamoja, na ikiwezekana msindikize. Mabinti na wakwe, waulizeni mama zenu na mama wakwe zenu kwa upole. Bibi wa miaka 65 ana haki ya kupimwa kama kijana, tena yeye yumo katika hatari zaidi.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa mwaka 2021, linashauri kwamba tangu siku mama anapofika mara ya kwanza na dalili hadi anapopata jibu kamili zisipite siku 60. Ziandikeni siku hizo kwenye kalenda ya nyumbani. Zikikaribia kuisha bila jibu, rudini mkaulize kwa heshima lakini bila woga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukisikia sifa za kipimo kisichouma, uliza swali moja tu: je, kimeonyeshwa kuokoa maisha ya watu? Kwa thamografia jibu ni hapana. Uvimbe ukiugusa leo, kesho asubuhi uwe njiani kwenda zahanati.